Ng'ombe wa Mjane wa Sengerema

Luhende aliingia uani kwa Mzee Maige bila hodi na bila shikamoo. Kwa kijana aliyekwisha kutoa mahari, ambaye jina lake limetangazwa kanisani Jumapili mbili mfululizo na lililobaki ni tangazo moja tu, huo ulikuwa utovu wa adabu ambao hata kuku wa pale Igogo waliuona. Alimpita mkwewe kwenye kiti chake cha kukunja. Akampita Shangazi Getruda aliyekuwa akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vikishachukua minofu yote mizuri huwauzia watu kama sisi. Akaenda kusimama mbele ya Sabina.

"Nani kati yenu amenichongea?"

Sabina alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Moyo wake, ambao kwa Luhende haukuwa na akili hata kidogo, ulikwisha kuruka kwa furaha kabla masikio hayajasikia alichosema. Luhende alikuwa amevaa lile shati la bluu aliloshonewa na Sabina mwenyewe, na kola yake ilikuwa imelowa jasho. Sabina alitamani kuinuka amfute shingo. Kisha akayaona macho yake, akabaki alipokuwa.

"Kukuchongea kwa nani?"

"Usijifanye hujui. Mpekuzi alikuja hapa Jumanne."

"Alikuja," Mzee Maige akasema nyuma yake. "Marahaba, Luhende."

Luhende akageuka. "Shikamoo, baba," akasema, kama mtu anayetema kitu.

"Hiyo nimekwisha kuiitikia. Sasa kaa, useme."

Hakukaa. Na ili msomaji usimhukumu kabla ya wakati wake, ujue kwanza kilichokuwa kikimuunguza. Luhende alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya mkoa, na miaka ile ofisi zilikuwa zinapunguza watu. Unaondoka Ijumaa ukiwa mtumishi wa serikali, unarudi Jumatatu unaambiwa chukua kilicho chako. Wengine waliishia kuuza mitumba Mabatini wakiwa bado na kalamu mfukoni. Katika balaa hilo Luhende alikuwa ameangukiwa na bahati: alichaguliwa kuhamia masijala ya siri, kule kwenye mafaili ambayo si kila mtu huyafungua. Kule hawapunguzi mtu. Lakini kabla ya kukabidhiwa ufunguo lazima upekuliwe. Mtu mmoja mpole hupita kwa majirani zako, ndugu zako na wakwe zako, akiuliza unakunywa kiasi gani, unadaiwa na nani, na ukisema jambo, je, ndivyo lilivyo.

"Nilimpokea kwa heshima zote," Mzee Maige akasema. "Bwana Obedi, mtu mstaarabu. Akaniuliza, huyu kijana ana madeni? Nikamwambia, deni atalitoa wapi mtu aliyenitolea ng'ombe kumi na wawili kwa mkupuo mmoja? Wengine wanakuletea wanne, halafu wanakuzungusha mpaka wajukuu wanaanza shule. Huyu hakunizungusha. Nikamtajia na rangi zao."

"Ulimtajia rangi," Luhende akarudia polepole.

"Mmoja mmoja. Yule mwekundu mwenye baka jeupe kifuani. Wale madume wawili wa kijivu. Yule mweusi ambaye pembe moja imemwinamia jichoni. Ng'ombe wazuri vile unawasemaje bila rangi? Akaandika yote. Nilikuwa nakujengea jina, baba."

Na kweli alikuwa akimjengea. Mzee aliyekulia nyuma ya mifugo hawezi kusema "ng'ombe kumi na wawili" akaishia hapo, kama vile wewe usivyoweza kusema una watoto watano usiwataje majina. Angejiona ametoa sifa nusu. Lakini Luhende alicheka kicheko kikavu ambacho Sabina hakuwahi kukisikia.

"Umenizika, mzee. Umenizika nikiwa hai."

Shangazi Getruda aliondoa kikaango motoni. Mama huyu alikuwa na ulimi ambao ndugu wote waliuogopa, na siku nyingi alikuwa akitafuta nafasi ya kuutumia kwa Luhende.

"Mimi sikusoma," akasema, "kwa hiyo nieleweshe taratibu. Mtu anakusifia ng'ombe wako, wewe unazikwa na nini? Au ng'ombe si wako?"

"Walikuwa zizini kwetu."

"Sikuuliza walikolala. Nimeuliza ni wa nani."

Luhende alimtazama Sabina. Ulikuwa ni ule ule mtazamo wa siku za kwanza, wa kichwa kuinama kidogo na macho kuomba radhi kabla hajakosa, ule uliomfanya Sabina akose usingizi mwaka mzima. Safari hii hakuyeyuka. Alijua jibu kabla halijatoka.

"Ni wa Paskazia," Luhende akasema.

Paskazia walimfahamu wote kwa kusikia. Alikuwa mjane wa Sengerema, ng'ambo ya maji. Mumewe kabla hajafa aliweka ng'ombe wake kwa baba yake Luhende wachungwe, kama watu wa huko wanavyofanya: maziwa ya mchungaji, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Baba yake Luhende naye akafa, zizi likabaki mikononi mwa Luhende na mjomba wake. Ng'ombe wa mjane wakabaki humo humo, wakizaa.

"Nilijua ningewarudisha," Luhende akasema. Sasa alikuwa akiongea haraka. "Mshahara wa masijala ya siri si huu wa sasa. Ningenunua mmoja leo, mmoja mwakani. Mama wa watu mwenyewe haendi zizini, miguu inamsumbua. Yeye anataka tu kusikia hawajambo."

"Na alikuwa anasikia kwa nani?" Sabina akauliza.

Luhende aliipangusa shingo kwa kiganja.

"Kwa nani, Luhende?"

"Kwangu mimi. Nilikuwa nikivuka kwenda kumsalimia, namwambia hawajambo."

Mchele ulianza kumwagika kutoka kwenye ungo, na Sabina hakuuona. Alikuwa akizikumbuka zile safari. Ni yeye aliyekuwa akimsindikiza mpaka kwenye kivuko, akimpa na vitumbua ampelekee mama huyo, akijisemea moyoni kwamba amepata mwanamume mwenye kukumbuka wajane.

"Na kwenye zile karatasi za serikali uliandikaje?" Mzee Maige akauliza.

"Niliandika sina mifugo na sidaiwi na mtu. Ningeandikaje? Ng'ombe wa kuchungiwa si deni. Hakuna mtu anayeita hilo deni."

"Wakiwa zizini si deni," mzee akasema. "Wakishakuja kwangu wanaitwaje?"

"Obedi alivuka Jumatano. Alikwenda kwa Paskazia kumwuliza habari za tabia yangu tu, basi. Katika mazungumzo akamtajia yule mweusi wa pembe iliyoinama, mama akamjua kuwa ni wake. Jana mama amekuja mpaka ofisini. Amekaa mapokezi analia, wenzangu wote wanasikia, mkuu wangu anasikia. Kwa hiyo nisameheni kama nimesahau kuamkia."

Hapo ndipo mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguka, akatoka Precious, mke wa Malimi, kaka yake Sabina. Alikuwa na mimba kubwa, amejifunga khanga kifuani, na usoni hakuwa na damu hata tone.

Hakuna aliyekuwa amemkumbuka Precious. Ng'ombe wale hawakukaa kwa Mzee Maige hata msimu mmoja. Mahari ya binti ndiyo iliyomwoza kaka, kama ilivyo kawaida, na sasa mweusi wa pembe iliyoinama na wenzake walikuwa kwa baba yake Precious, Magu, wamekwisha kuchanganyika na wa kwao.

"Baba," Precious akasema, "ina maana mimi nimeolewa na mali ya wizi?"

Shangazi Getruda, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikosa neno, alimwendea yule binti akamshika mabega akamrudisha ndani. Kilio chake kilisikika ukutani, cha chini chini, na Mzee Maige alikisikiliza huku akiutazama ule mlango.

"Toka kwangu, Luhende," akasema bila kupaza sauti. "Nilimwapia mtu wa serikali kwa mdomo huu. Toka kabla sijasimama."

Sabina alimfuata. Mnaweza kumlaumu, lakini alimfuata. Walisimama nje ya ua, pale kwenye majabali ambapo njia huteremkia ziwani. Luhende alikuwa akihema. Akamshika mkono, na mkono wa Sabina, bila kumwuliza mwenyewe, ukatulia ndani ya ule wa Luhende.

"Sabi. Bado wewe."

"Bado mimi nini?"

"Obedi hajakuuliza wewe. Mkuu wangu amenidokeza, wewe ndiye wa mwisho. Sikiliza vizuri. Paskazia atasema ng'ombe wake hawapo. Sawa. Mjomba atasema waliibwa, na kule wezi wa ng'ombe ni wengi, nani atabisha? Kinachonifunga ni maneno ya baba yako peke yake. Wewe mwambie mahari bado haijafika. Mwambie mzee alijisifu tu, ndivyo wazee walivyo, na hizo rangi alizisikia kwangu nikihadithia mifugo ya nyumbani. Neno moja tu, Sabi, na mimi nina kazi, na sisi tuna maisha."

"Nimwambie Baba ni mwongo."

"Baba yako ni mzee. Akionekana mwongo, nani atamfukuza kazi?"

Sabina alimtazama. Alimpenda mtu huyu. Si uongo, na sitaki kumfanya aonekane shujaa wakati hakuwa. Alipenda mstari wa shingo yake, alipenda anavyonyamaza kabla ya kucheka. Walipokutana mara ya kwanza alikuja na koti lililokatika kifungo, kule Mabatini kwenye baraza la duka la vitambaa la Jasuben ambako Sabina alikuwa na cherehani yake. Wiki iliyofuata kifungo kingine kikakatika. Na kingine. Mwishowe Sabina akagundua kwamba alikuwa akivikata mwenyewe kwa wembe ili apate sababu ya kurudi. Alicheka wiki nzima, akawahadithia marafiki zake, wote wakasema binti umependwa. Sasa aliona ni jinsi gani mtu yule alivyoweza kumtazama usoni, koti mkononi, na kusema, "Sijui hivi vifungo vina nini."

"Ungeniambia lini?" akauliza.

"Nini?"

"Habari za ng'ombe. Ungeniambia lini?"

"Mambo yakishatengemaa. Nilitaka kukuoa, Sabina. Baba yako alitaka kumi na wawili. Mimi ni karani, mshahara wangu wa mwezi haununui mguu wa ng'ombe. Ulitaka nifanyeje? Nikukose?"

"Ungeniambia tungesubiri. Ningekusubiri."

"Na yule mwenye duka la spea aliyekuwa akimletea baba yako sukari kila wiki, naye angesubiri?"

"Sukari yake alikunywa Baba, si mimi. Mimi ningekusubiri mpaka nizeeke pale kwenye cherehani. Hukuniuliza."

"Kwa hiyo umekataa."

"Sijasema nimekataa. Nasema unanipa Baba yangu nimchinje, na mkono umenishika kama unanibembeleza."

Luhende akauachia mkono. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu wa dirishani anayekuambia faili lako halionekani.

"Basi tusikilizane," akasema. "Ukimwambia yule mtu kweli yako, ujue umechagua. Kazi hakuna na ndoa hakuna. Utakaa hapa Igogo na shangazi yako mkikaanga mapanki, na kila mtu atajua ni wewe uliyeninyima ugali. Fikiri."

Akateremka njia bila kuaga. Sabina alilia pale pale, amesimama, mpaka khanga ikalowa.

Bwana Obedi alikuja Jumamosi asubuhi, na alikuja kama mteja. Ndiyo kazi yao, hawaji na kengele shingoni. Alipanda baraza la Jasuben na suruali ya kitambaa cha kahawia mkononi, akamsalimia mama mwenye duka, akamwuliza Sabina kama anaweza kuipunguza urefu.

"Naweza, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Obedi." Alivuta kigoda akakaa karibu na cherehani. Jasuben alitazama mara moja, akaingia ndani kabisa ya duka, akaanza kuhesabu majora ambayo yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa. "Nadhani unajua nilichofuata."

"Najua."

"Nina maswali machache. Ya kwanza. Mahari yako ilifika kwa baba yako, au haikufika?"

Sabina aliitandaza suruali juu ya meza. Usiku wote alikuwa amejiandaa kwa swali hilo, akajiandalia majibu mawili, na yote mawili aliyajua kwa moyo. Alimwona Luhende akitoka ofisini na kilicho chake ndani ya boksi. Alimwona Baba yake akipita sokoni, watu wakiguna. Akapinda mguu wa kwanza wa suruali, akachomeka pini.

"Ilifika," akasema. "Baba hakuongopa. Rangi alizokutajia ni hizo hizo. Ng'ombe ni wa mama Paskazia, na mimi nilikuwa sijui mpaka jana."

Bwana Obedi hakuandika. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyesikia jambo analolijua.

"Lakini usimwandike mwizi, mzee, nakuomba." Sauti ilianza kumkatika, naye aliiacha ikatike. "Alikuwa na nia ya kuwarudisha. Ni umaskini, na ni kunipenda. Nani hadaiwi mji huu? Mnamfukuza mtu kwa sababu anadaiwa?"

"Silo deni lililonileta hapa, mwanangu. Nusu ya watumishi wa mkoa wanadaiwa, na mimi mwenyewe nadaiwa. Mtu akiniambia, Obedi, nadaiwa na fulani, namwandika anadaiwa na fulani, tunaendelea. Huyu nilimpa nafasi. Nilimwuliza ana kwa ana, una deni lolote, hata la mifugo? Akanitazama machoni akasema hana. Nikamwuliza mara ya pili, akacheka." Alivua miwani akaifuta. "Mtu mwenye deni la kificho, mwingine anayelijua deni lile akimwambia nipe lile faili, atasema nini? Atatoa. Si kwa ubaya. Atatoa kwa hofu."

"Anaweza kutunza siri," Sabina akasema kwa ukali. "Kwa hilo msimwonee. Hii ameitunza tangu kiangazi. Alikuwa anakula kwetu, anacheka na Baba, anakwenda kumsalimia yule mama na vitumbua vyangu, na mimi niliyelala nikimwota sikujua. Mkitaka mtu wa kutunza siri, hamtapata kama yeye."

"Sikuuliza hilo." Bwana Obedi alirudisha miwani. Hakuwa na haraka, wala hakuwa mkali, na pengine angekuwa mkali ingekuwa rahisi zaidi. "Swali langu la mwisho ni hili. Tuseme ni wewe una jambo, na likitoka linakuangamiza. Na wa kumwachia siri hiyo ni yeye. Ungemwachia?"

Sabina aliendelea kushona. Barabarani mtu alikuwa akinadi dagaa. Ndani ya duka Jasuben aliacha kuhesabu. Sindano ilifika mwisho wa mguu wa kwanza, Sabina akainama, akakata uzi kwa meno, na alipoinua uso machozi yalikuwa yakimtoka bila kelele.

"Hapana," akasema.

Hapo Bwana Obedi akatoa kalamu, akaandika neno moja.

Lakini Sabina hakuwa akimtazama tena. Alikuwa amelisikia jibu lake mwenyewe likitoka, wazi, bila kusitasita, na akatambua kwamba Padri naye, siku ya ndoa wakisimama mbele yake, angemwuliza jambo hilo hilo kwa maneno mazuri zaidi. Aliikunja ile suruali ikiwa na upindo wa mguu mmoja, akamrudishia mwenyewe.

"Nisamehe, mzee. Mguu wa pili utanisubiri mpaka mchana," akasema, huku akikunjua mkeka wa kufunikia cherehani. "Naenda kanisani kwanza. Nataka nimwahi Padri, asisome lile tangazo la tatu."